Panga Lililolala

"Usinitajie Mungu kwa mdomo huo," mjane wa Pampu alikuwa akisema wakati Inspekta anainama kupita kwenye kijilango cha bati. "Mwanao kamkata mume wangu kama kabichi, halafu unakuja ukutani kunipa pole. Hiyo pole nikaipake wapi?"

"Mwanangu hajakata mtu," alijibu mama yake Fundi kutoka upande wa pili. Ukuta uliotenganisha nyumba zile mbili ulikuwa wa kifuani, kwa hiyo ugomvi wa hapo haukuhitaji mtu kupanda kiti. "Lililomkata ni panga la ndege. Mwanangu si panga."

"Na panga lilijiamsha lenyewe?"

"Kamuulize rubani."

"Rubani kasema aliambiwa 'kulia kweupe', yaani upande wa kulia hakuna mtu. Nani wa kumwambia kweupe pale kama si mwanao? Yeye amewekwa chini ya pua ya ndege kufanya nini, kuhesabu kunguru?"

Uwanja mzima wa nyumba ulikuwa umenyamaza kusikiliza, na ulikuwa umejaa kama unavyojaa uwanja wa nyumba yenye msiba: wanawake na visu vyao vya vitunguu, wanaume kwenye viti vya kukodi, watoto chini ya miguu ya kila mtu. Pampu alikuwa amezikwa jana yake. Alikuwa mjaza mafuta ya ndege, mcheshi, mkopeshaji wa sigara, mtu ambaye mtaa ulimpa jina la pampu yake na yeye akalipenda kuliko la babake. Juzi asubuhi, akiwa kazini, alipita mbele ya pangaboi la injini ya kulia, lile feni kubwa la mbele, likiwa limesimama. Halikuendelea kusimama.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mjane alisema, sasa akiwaambia wote. "Wiki nzima walikuwa wanagombana kwa ajili ya mfereji wa maji machafu. Fundi kamwambia mume wangu mbele ya watu, 'Iko siku utanitambua.' Si mlisikia?"

Walikuwa wamesikia. Walisikia hata wasiokuwepo.

"Mimi mnanijua," alidakia mshonaji wa kona, mwanamke ambaye cherehani yake haikuwahi kuuzidi mdomo wake. "Tangu zamani nasema, zile za pangaboi si ndege, ni mafeni yenye tiketi. Lingekuwa jeti, mtu angekatwa na nini?"

"Jeti inamvuta mtu ndani mzimamzima," alisema mzee mmoja. "Hapo hata cha kuzika hakuna."

"Basi angalau hakuna cha kuona."

Mwanamume mrefu mwenye shati jeupe aliingia katikati yao, mikono yote miwili imebeba viti. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, na meneja wa zamu kule kule uwanja wa ndege. Mtaa ulimwita Anko, hata waliomzidi umri. Nusu ya vijana wa mtaa ule walikuwa wanavaa sare za uwanjani kwa sababu Anko aliwashika mkono akawapeleka, na mdogo wake alikuwa wa kwanza.

"Shemeji, yatosha," alimwambia mjane kwa sauti ya chini. "Mwache mama wa watu. Na wewe mama, nenda kapumzike. Nakuomba."

Alisema hivyo akitazama viti. Inspekta, ambaye tangu jana alikuwa akiingia na kutoka kwenye nyumba hii bila kuuliza swali hata moja, akipewa chai na umbeya kwa zamu, aliliona hilo. Aliona pia kwamba katika umati wote ule, kaka wa marehemu ndiye peke yake ambaye hajamlaani Fundi.

Mama yake Fundi alimvuta kando ya ukuta. "Mwanangu, wewe ni mtoto wa kike, una mama. Niambie ukweli. Kesho wanampeleka mahakamani kwa kosa gani?"

"Kuua, mama."

"Kuua kwa bahati mbaya?"

"Kwa kukusudia. Kwa sababu ya yale maneno ya mfereji. Jalada likishafika kwa hakimu, mimi siwezi kulirudisha."

Mama yule hakulia. Alishika tofali la juu la ukuta kama mtu anayepima kama limeshika saruji. "Basi una leo tu," alisema.

* * *

Chumba cha mahojiano cha kituo kilikuwa na meza moja, viti viwili na harufu ya dawa ya kudekia. Fundi aliletwa bila mkanda na bila kamba za viatu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye grisi ambayo hata siku mbili za mahabusu hazikuitoa chini ya kucha.

"Nieleze panga linavyolala," Inspekta alisema.

"Nimeshaeleza."

"Ulimweleza mtu anayeandika. Nieleze mimi ninayesikiliza."

Fundi alivuta pumzi. "Ndege yetu ya pangaboi ina injini mbili. Ikitua, ya kushoto tunaizima, abiria washuke upande huo. Ya kulia tunaiacha inawaka, lakini panga lake tunalifunga breki. Injini inanguruma, inatoa umeme na hewa baridi, panga limetulia tuli. Sisi tunasema panga limelala. Ni jambo la kawaida, kiwanda ndicho kilichoitengeneza hivyo."

"Na kuliamsha?"

"Rubani anaachia breki. Lakini haachii mpaka mtu wa chini, mwenye hedseti yenye waya uliochomekwa kwenye ndege, atazame kulia, ahakikishe hakuna mtu, amwambie 'kulia kweupe'. Mtu huyo ni mimi."

"Pampu alifuata nini pale mbele?"

"Tundu la mafuta liko kulia, nyuma ya gurudumu. Sheria inasema uzungukie mkiani. Lakini panga likilala, nani anazunguka? Wote wanakata mbele yake. Umezoea ngurumo haina meno. Hata mimi nakata."

"Kwenye kinasa sauti cha chumba cha marubani, mtu kasema 'kulia kweupe'. Breki ikaachiwa. Ni wewe?"

"Si mimi."

"Waya ni mmoja. Hedseti ni moja. Ulikuwa umeivaa?"

"Nilikuwa nimeivaa."

"Na hukusema neno."

"Sikusema neno."

"Basi waya ulijisemea."

Fundi alikwangua grisi chini ya ukucha.

"Ulikuwa wapi hasa?"

Maswali yote mengine Fundi aliyajibu kabla hayajatua mezani. Hili alilisubiri litue. "Chini ya pua ya ndege," alisema. "Mahali pangu."

"Una uhakika?"

"Afande, nina leseni. Fundi mwenye leseni haachi mahali pake."

Inspekta alisimama, akamsogezea pakiti ya biskuti aliyokuja nayo. "Mama yako anakusalimu. Hajalia. Nadhani anakusubiri ulie wewe kwanza, na wewe unasubiri nini sijui."

* * *

Mshonaji alikuwa amempa kisa kingine jana, kwa siri ile ambayo nyumba sita zilikuwa nayo tayari: kwamba wakubwa wa shirika walikuwa wanajadili wauze pangaboi zote wanunue jeti, na kwamba rubani wa jeti moja waliyonayo alikuwa ameapa kantini kuwa pangaboi zitaondoka, "iwe isiwe". Mtu anayetaka ndege ichukiwe, mshonaji alisema, haangushi ndege. Anaua mtu mmoja tu chini yake, inatosha. Inspekta hakuwahi kudharau umbeya. Umbeya ni kama mavumbi: hauna thamani, lakini unaonyesha nyayo.

Alianza kwa mhasibu wa shirika, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni na kikombe kilichoandikwa USIGUSE.

"Kipi ni nafuu?" mhasibu alirudia swali, kama mtu aliyeulizwa kipi kina mvuke, chai au barafu. "Kwa mafuta jeti inayokwenda nayo tu, pangaboi inakwenda, inarudi, na inabaki na ya kuchokonolea meno. Jeti inaona raha ikiwa juu sana, kule hewa ni nyepesi, safari ndefu. Safari zetu sisi, ikishafika juu hata haijakunja miguu, inaambiwa shuka. Ni kuwasha majiko ya arusi ukachemsha yai."

"Basi kwa nini mnataka jeti?"

"Si mimi. Abiria. Abiria akiona panga linazunguka anaanza kusali. Akiona jeti anatoa simu ajipige picha. Wakubwa wanaona viti vitupu kwenye pangaboi, wanasema tuuze. Waliobaki wanasema hapana, tuzidi kuishusha gharama mpaka wakubwa waone aibu kuiuza."

"Waliobaki akina nani?"

"Watu wa zamu, watu wa chini. Viwanja vyetu vya bara ni vya changarawe, vifupi, jeti haitui kule. Pangaboi zikienda, viwanja vile vinafungwa, na watu wetu nusu wanarudi nyumbani kuangalia dari. Kwa hiyo wamekata kila kinachokatika. Jenereta ya mkokoteni wameirudisha, umeme unatoka kwenye injini ya panga lililolala. Fundi wa maegesho alikuwa mmoja kwa kila ndege, sasa mmoja kwa mbili."

Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni. Alirudi. "Mmoja kwa mbili?"

"Ndiyo. Zikiwepo ndege mbili kwa wakati mmoja, basi anakimbia huku, anakimbia kule. Kwenye karatasi inapendeza sana." Mhasibu aliivua miwani. "Kwenye karatasi hakuna mtu anayekimbia."

* * *

Rubani wa jeti alikuwa kantini, anakula karanga moja moja. Alikuwa na tumbo dogo la mtu anayekaa sana na kicheko cha mtu anayependwa, lakini leo kicheko hakikuja.

"Niliapa, ndiyo," alisema. "Nilisema pangaboi zitaondoka. Nilikuwa nawakera wale vijana. Inspekta, mimi nimeendesha pangaboi nusu ya maisha yangu. Mke wangu akisafiri kwenda kwao, anapanda pangaboi."

"Kwa sababu ni salama?"

"Kwa sababu kwao kuna changarawe na bonde. Pangaboi inaruka kwa mwendo mdogo, inasimama mahali padogo. Peleka jeti hii kule, utaikuta mtoni."

"Lakini takwimu zinasema pangaboi huanguka zaidi."

"Zinasema. Chukua mkunga wa kijijini na daktari wa hospitali kubwa, uhesabu nani anafiwa na wagonjwa wengi. Mkunga. Sasa mkunga ni mbaya, au ndiye anayeitwa usiku, mvua inanyesha, hakuna taa? Pangaboi inatua na kuruka mara nyingi kwa siku, kwenye viwanja ambavyo mbuzi ndio wenye zamu. Ndani ya injini ni moto ule ule wa jeti. Huku moto unasukuma, kule unazungusha panga. Tofauti ni moja tu: panga liko nje. Ndege ile inamtaka mtu aliye chini awe na adabu zaidi kuliko aliye juu."

"Juzi uliegesha wapi?"

Karanga ilikwama njiani. "Pembeni yake."

"Ulikuwa na shida?"

"Tairi la mbele. Lilikuwa na mkato."

"Nani alilitazama?"

Rubani aliziweka karanga zake chini zote, akafuta viganja kwenye suruali. Inspekta hakumsaidia.

"Fundi," alisema mwishowe.

"Fundi yupi?"

"Yupi mwingine? Yuko mmoja."

"Panga lilipoamka, Fundi alikuwa wapi?"

"Amepiga magoti chini ya pua yangu, nimesimama juu yake. Tulisikia mlio pamoja." Alipitisha ulimi kwenye midomo. "Ule mlio, Inspekta."

"Na ulikaa nalo siku mbili."

"Aliniomba. Alinishika mkono huu hapa, akasema, 'Wakijua nimeacha kituo changu, leseni imekwenda, usiseme nilikuwa hapa.' Nikadhani tunazungumzia leseni. Jana naambiwa ni kamba ya shingo. Nilikuwa nakuja."

"Kwa karanga hizo, ungefika lini?"

Fundi alikuwa amejifungia mlango mwenyewe akameza ufunguo: kwa kuogopa kupoteza leseni, alisema alikuwa puani, na kama alikuwa puani, sauti haikuwa na mwenyewe mwingine. Lakini sauti ilikuwepo. Kama Fundi alikuwa kwenye tairi la jeti, nani alisema kulia kweupe?

* * *

Alimtafuta rubani wa pangaboi, kijana aliyesimamishwa kazi na ambaye tangu juzi alikuwa anakaa kwenye chumba cha mapumziko bila kuwasha taa.

"Sauti ilikujia kwa waya wa hedseti au kwa redio?" Inspekta alimwuliza.

"Zote zinaingia sikio moja. Ukishazoea hutofautishi. Unasikia 'kweupe', unafanya."

"Ulimwona Fundi mbele yako?"

"Nilikuwa nasoma orodha ya ukaguzi na mwenzangu. Yeye ndiye anayekaa kulia, naye alikuwa kainamia." Aliongeza bila kuulizwa, "Siku nyingine tulikuwa hatumwoni. Sauti ilikuja tu. Tulijua kasimama mahali."

"Siku nyingine. Mara nyingi?"

"Tukiwa na jeti pembeni, mara nyingi."

Inspekta alikwenda nayo sauti ile hadi kwenye maegesho. Alikuwa nayo kwenye kompyuta ndogo ya ofisi ya usalama wa anga, na alikuwa ameisikiliza jana mpaka ikamtoka masikioni, akitafuta ni sauti ya nani. Haikuwa ya mtu. Redio na waya huwafanya watu wote wawe binamu. Sasa hakutafuta tena ni ya nani, bali ilisemewa wapi.

Pangaboi ya pili ya shirika ilikuwa imetua, panga lake la kulia limelala, injini inanguruma mpaka maji ya dimbwi yakawa yanatetemeka. Aliomba avalishwe hedseti, akasimama chini ya pua ya ndege, mahali pa Fundi hasa, na kusema mara tatu, "Kulia kweupe." Rubani aliyekuwa ndani alirekodi kwenye simu.

Alirudi ndani ya jengo, akafunga mlango, akaweka vyote viwili mezani.

Sauti yake mwenyewe ilikuja imebebwa na ngurumo, kama mtu anayeita kutoka kwenye mashine ya kusaga. Ungelazimika kuitegea sikio.

Akacheza ile ya juzi. "Kulia kweupe." Nyuma yake, kimya. Hakuna injini, hakuna upepo. Maneno mawili yaliyosemwa kwa utulivu na mtu aliyeketi, ndani ya chumba, dirisha limefungwa.

Aliicheza tena. Halafu akanyanyua macho, akaanza kuhesabu madirisha yanayotazama maegesho. Hayakuwa mengi. Lilikuwa moja.

* * *

Ofisi ya zamu ilikuwa na meza, ubao wa safari, sofa lililotoa sponji, na redio ya mkononi ikiwa imesimama kwenye chaja yake. Karani wa zamu, mwanamke mchangamfu mwenye mimba kubwa, alimkaribisha kiti kabla hajajitambulisha.

Inspekta hakukaa. Alisimama dirishani. Pangaboi ilikuwa pale chini, imeelekeza pua kushoto kwake. Aliona pua. Aliona ubavu wote wa kushoto na ngazi ya abiria. Aliona njia ya lori la mafuta, lilivyokuwa linaondoka na kuvuka mstari mwekundu. Ubavu wa kulia, injini ya kulia, gurudumu la kulia na chochote kilicho nyuma yake, vilifichwa na tumbo la ndege.

"Redio hii inawasikia marubani?"

"Inawasikia na wao wanaisikia. Ya shirika."

"Inashikwa na nani?"

"Ya Anko hiyo. Sisi wengine tukiigusa tunafokewa." Karani alicheka kidogo, kisha akaacha. "Tangu juzi lakini, maskini, haigusi. Hata jana alipopita hapa kabla ya maziko, rubani aliita kwenye redio, Anko akaniambia, 'Jibu wewe.' Akatoka nje mpaka nikamaliza. Msiba unambadilisha mtu, Inspekta."

"Unambadilisha," Inspekta alisema.

Alipiga simu kituoni akiwa bado kwenye ngazi. Alimweleza mkubwa wake kwa maneno machache, akasisitiza mawili: rubani wa jeti anakuja kuandika maelezo sasa hivi, na jalada la Fundi lisiende popote.

* * *

Jua lilikuwa limeshuka kwenye mabati alipofika tena kwenye kijilango. Ndani waliobaki walikuwa ndugu wa karibu, na harufu ya chakula ilikuwa imeshinda ile ya vitunguu. Anko alikuwa nje, peke yake, akivipanga viti vya kukodi ukutani, vitano vitano.

"Inspekta. Umepata chai?"

"Nimetoka ofisini kwako. Nimesimama dirishani."

Anko aliweka kiti juu ya kiti. Akachukua kingine.

"Kulia hakuonekani kutoka pale," alisema Inspekta.

"Hapana. Hakuonekani."

"Ulisema kweupe."

Kiti kilibaki hewani, mikononi mwake, kwa muda mrefu kuliko kinavyostahili kiti cha plastiki. "Niliona lori limevuka mstari," alisema. "Lori likiondoka, Pampu ameondoka nalo. Siku zote. Yeye na dereva wake ni kama kidole na pete. Nikasema, Fundi yuko kwenye jeti, abiria wamekaa, injini inakula mafuta bure, wakubwa wanatupimia kila dakika. Nikasema kweupe."

"Alirudi kwa miguu."

"Kufunga kifuniko cha tundu la mafuta. Dereva wa lori aliniambia. Pampu aliona kwenye kioo cha lori kifuniko kiko wazi, akaruka chini, akakata mbele ya panga kama kawaida." Anko alikishusha kiti. "Nilimfundisha mimi. Siku ya kwanza kazini nilimwambia, mdogo wangu, usiache kifuniko wazi, hata iwe ndege ya adui yako."

"Si mara ya kwanza wewe kusema kweupe."

"Si mara ya kwanza. Fundi alikuwa akirudi anakuta panga limeshaamka, anadhani marubani wanajiamulia. Marubani walidhani ni Fundi. Kila mtu alikuwa na wa kumdhania. Ilikwenda vizuri, Inspekta. Hilo ndilo linaloniua. Ilikuwa inakwenda vizuri. Nilikuwa nazibakisha zile pangaboi, hakuna ambaye angepoteza kazi mtaa huu."

"Na Fundi?"

"Nilisema nitasema baada ya maziko."

"Maziko yalikuwa jana."

"Nikasema baada ya matanga." Aliutazama mlango wa nyumba, uliokuwa na pazia la maua, na nyuma yake sauti za watoto wakigombania mahali pa kukaa. "Wale wananiita baba mkubwa. Jana mdogo kabisa amelala kifuani kwangu. Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia kwa yule aliyelala sakafuni mahabusu siku mbili." Inspekta hakupandisha sauti. "Fundi anatoka leo. Wewe utakuja nami. Kabla ya hapo, mwenye nyumba hii lazima ajue. Ama umwambie wewe, ama nimwambie mimi. Si mshonaji."

"Nitasema mwenyewe."

Kitu kilisogea upande wa pili wa ukuta. Mama yake Fundi alikuwa amesimama pale, ndoo tupu mkononi, karibu kiasi kwamba hakuna neno ambalo lingeweza kumpita. Anko alimwona. Inspekta alimwona. Asubuhi mwanamke yule alikuwa na jibu kwa kila tusi. Sasa alivuta ncha ya mtandio akajifunika mdomo, na macho yake yakahama kutoka kwa Anko yakaenda kwenye pazia lile la maua, yakabaki hapo.

Pazia likafunguka. Mjane alitoka na birika la maji ya kunawa na taulo begani. Alikuwa amenawa uso. Hakutazama ukutani.

"Shemeji, mbona umesimama nje kwako kama mgeni?" alisema. "Hujatia kitu mdomoni tangu tulipomzika mwenzio, unadhani sikuoni? Watoto wamekataa kuanza bila baba yao mkubwa. Inspekta, na wewe karibu, nyumba ni hii hii." Akaliinua birika, tayari kummiminia. "Lete mikono, shemeji. Ingia ule."